Tairi za Severini Mpiga Picha

Severini alizaliwa Lionja, kwa wazazi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakiwa vijana, lakini kazi yake aliikuta Nachingwea mjini. Alikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini kubeba magunia ya korosho. Jumapili alikuwa anamsaidia padri mmoja mzee kupanga watoto wa komunyo ya kwanza kwa ajili ya picha, na padri alipohamishwa akamwachia kamera, mkanda wake wa ngozi na maneno haya: "Usimkate mtu kichwa." Severini akaacha magunia.

Tangu hapo hakukuwa na ubatizo, mahafali, maulidi wala harusi mjini bila yeye. Wengi hawakulitumia jina lake. Walimwita Picha. "Picha amefika?" mtu anauliza, na shughuli haianzi mpaka afike. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi siku zote, na kila harusi alisimama kwa heshima kama yeye ndiye anayeoa.

Shida yake ilikuwa kuwahi. Siku moja ya Jumamosi inaweza kuwa na ubatizo mtaa huu na nikahi mtaa ule, na yeye anakwenda kwa miguu. Kwa hiyo mhandisi mmoja wa barabara alipomaliza mkataba wake na kutaka kuiacha baiskeli yake ya milimani, ile yenye gia na usukani mnyoofu, Severini ndiye aliyeichukua. Mwaka huo ulikuwa elfu mbili na moja, na baiskeli za namna hiyo mjini zilikuwa za kuhesabika. Nyingi zilikuwa zile nyeusi kubwa za kubebea mkaa na mahindi.

Wiki ya kwanza alijiona mfalme. Wiki ya pili akaanza kulalamika kwa mkewe, Scholastika.

"Nakanyaga mpaka magoti yanalia, wenye baiskeli za mkaa wananipita."

"Labda umezeeka," Scholastika alisema, akicheka.

Kilichomuudhi zaidi kilionekana kwenye picha. Kila aliposhuka kwenye ile baiskeli mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, na picha mbili tatu za mwanzo za kila shughuli zilitoka na ukungu. Mzee mmoja wa msikitini alirudisha picha yake akasema, "Hapa mimi niko wapi? Huu ni moshi."

Severini akaipeleka baiskeli kwa Masoudi, fundi wa pale karibu na soko. Masoudi hakuhitaji hata kuigeuza. Aliisukuma hatua chache kwenye kipande cha lami, tairi zikavuma kama nyuki.

"Unasikia? Kashata hizo," Masoudi alisema, akipapasa vile vipande vya mpira vilivyojipanga kwenye tairi kama kashata kwenye sinia. "Zimetengenezwa zishike matope na mawe ya mlimani. Wewe mlima unapanda wapi? Barabara zetu hapa kiangazi ngumu kama sakafu. Kila kashata inagonga chini, inakurusha, inakula nguvu yako. Tafuta tairi laini."

"Nipe basi."

"Sina. Hapa wote tunauza za inchi ishirini na nane, za hizi baiskeli kubwa. Yako ni ishirini na sita. Nenda Ruangwa kwa Jumanne, mwenye duka la vipuri. Niliziona kwake."

Severini akapata nafasi juu ya lori lililokuwa linakwenda Ruangwa kuchukua ufuta. Alifika na vumbi hadi kwenye kope. Jumanne alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayeongea huku anafunga mizigo, na mbele ya duka lake tairi zilitundikwa kwenye misumari kama shanga.

"Ishirini na sita, za mjini," Severini alisema.

Jumanne akamshushia za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya upana wa kadiri. Katikati ilikuwa na ukanda laini unaokwenda mfululizo, na pembeni vikashata vidogo vidogo vilivyolala. "Hii ndiyo ya mji wetu," alisema. "Ukienda mnyoofu unatembelea katikati, hakuna kelele. Ukiingia kwenye mchanga au ukikata kona, za pembeni zinashika. Na ina tumbo, ukipita shimoni rimu yako haiumii."

Lakini macho ya Severini yalikuwa kwenye ile ya pili. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, inang'aa, imenyooka bila hata mchoro, kama tairi za wale waendesha baiskeli wa mashindano aliowahi kuwaona kwenye kalenda.

"Nataka hii."

"Hiyo ya lami, ndugu yangu. Nachingwea mna lami?"

"Tunayo!"

"Ya kutoka wapi mpaka wapi?"

Severini akazidi kuipapasa ile nyembamba. "Inatosha," alisema.

Jumanne akacheka, akazifunga kwa kamba. "Haya. Mteja mfalme. Zikikushinda, zirudishe tuzungumze."

Masoudi alipoziona aliguna. Alimwambia ni nyembamba mno, akambadilishia na mipira ya ndani kwa sababu ile ya zamani ingejikunja, akajaza upepo mpaka tairi zikawa ngumu kama mbao. "Usipunguze upepo hata kidogo. Na mchanga uuogope kama nyoka," akamwonya.

Siku zile chache za mwanzo zilikuwa tamu. Kwenye lami Severini aliteleza kama maji. Hakusikia kelele yoyote isipokuwa mnyororo. Aliwapita wenye mkaa akawapungia mkono. Vijana wa kijiweni walimpigia kelele, "Picha, umekuwa noma!" naye akazidi kukanyaga. Alifika kila shughuli mikono imetulia, na ule ukungu wa picha ukaisha. Aliporudi nyumbani alimwambia Scholastika kwamba Masoudi na Jumanne ni watu wazuri ila wana woga.

Kisha ikaja harusi ya Zaina.

Zaina alikuwa binti wa Mzee Shaban, mkulima wa korosho mwenye heshima zake, na bwana harusi alitoka Malolo. Ilipangwa kwamba bibi harusi atoke ndani alasiri, aketishwe kwenye kiti kilichopambwa uani, apigwe picha, kisha msafara uondoke. Kungwi wake, Bi Mwanawetu, alikuwa amemfunda vizuri: macho chini, mdomo umefungwa, bibi harusi haonyeshi meno. Na kwa kweli katika picha zote za maharusi alizowahi kupiga Severini, bibi harusi alionekana kama mtu aliyefiwa.

Siku hiyo Severini alitokea kwenye ubatizo uliochelewa. Alisikia vigelegele kwa mbali, akajua Zaina ametoka. Akaongeza mwendo. Uani kwa Mzee Shaban watu walikuwa wamemwaga mchanga mpya, mzuri, mweupe, ili wageni wasikanyage vumbi jekundu. Severini aliuona akiwa tayari ameufikia.

Tairi la mbele likazama kama kisu kwenye uji. Baiskeli ikasimama, Severini hakusimama. Alipita juu ya usukani mbele ya akina mama wote, mkono mmoja umeinua kamera juu kabisa, akaanguka chali katikati ya ua, miguuni pa bibi harusi. Kofia yake ikaenda ikatua kwenye sinia la wali.

Hata ngoma ilinyamaza.

"Salaam aleikum," Severini alisema pale chini alipolala, maana hakujua aseme nini kingine. "Nimekuja kupiga picha."

Zaina akajikaza. Mabega yalimtetemeka, akauma mdomo, akamtazama kungwi wake. Bi Mwanawetu naye alikuwa ameficha uso kwenye kanga, na kanga yenyewe inacheza. Hapo Zaina akashindwa. Alirusha kichwa nyuma akacheka, kicheko cha tumboni, meno yote nje, mikono yenye hina imeshika mbavu, na nyuma yake kungwi na mashangazi wameegemeana wakifuta machozi.

Severini hakuamka. Alisogeza kamera jichoni palepale chini kwenye mchanga, akabonyeza.

Kisha akanyanyuliwa, akapanguswa, akapewa maji, akapiga picha nyingine zote kama desturi ilivyotaka, macho chini na mdomo umefungwa. Kiwiko kilimchubuka na shati jeupe halikufaa tena, lakini kamera ilikuwa nzima.

Filamu wakati ule zilipelekwa mbali kusafishwa, na picha ziliporudi na basi Severini alikaa nazo mezani akihangaika. Ile ya kicheko ilikuwa kali, haina ukungu hata chembe. Lakini ataionyeshaje? Mzee Shaban hakuwa mtu wa mzaha.

"Mpelekee," Scholastika alimwambia. "Akikasirika, utasema uliangukia kichwa."

Akaiweka ya mwisho kabisa chini ya nyingine. Mzee Shaban alivaa miwani, akazipitia taratibu, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwenye ile ya mwisho alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Severini akaanza kuangalia mlango.

"Mama Zaina!" mzee aliita. "Njoo umwone mwanao. Huyu ndiye Zaina niliyemlea. Hawa wengine wote humu mimi siwajui."

Picha ikatundikwa sebuleni. Kila aliyeingia aliiona, na kila aliyeiona mwenye binti wa kuozwa alimtafuta Severini. "Mpige wangu kama Zaina," walisema. Wengine walimuuliza, nusu mzaha, kama ataanguka tena.

"Sianguki," Severini aliwajibu. "Nawasimulia tu." Na kweli, kuanguka kwake kulipata sehemu mpya kila aliposimulia, mpaka ikafika kwamba sinia lenyewe la wali ndilo lililomfuata.

Tairi nyembamba alizirudisha Ruangwa yeye mwenyewe, juu ya lori, zikiwa bado kwenye baiskeli. Jumanne alikuwa ameshasikia kila kitu. Habari zilitangulia na lori.

"Naomba zile za ukanda katikati," Severini alisema. "Usinicheke."

"Sikucheki. Zimechakaa kidogo hizi, lakini yuko mtu atakayezitaka. Nitakubadilishia, ila kwa sharti moja." Jumanne akamwita mkewe, Hafidha, na watoto wakatoka nyuma ya duka wakipangusa midomo. "Utupige sisi. Na mke wangu acheke. Tangu tuoane sina picha yake hata moja akicheka."

"Nitacheka nini mimi, nimeshika mwiko?" Hafidha aliuliza.

Severini akaanza kumsimulia habari ya mchanga wa Mzee Shaban. Hakuwa amefika kwenye kofia alipobonyeza.

Jumanne alimfungia tairi mpya mwenyewe, akamwonyesha jinsi ya kuzijaza: zisiwe ngumu kama zile, ziachwe zibonyee kidogo kwa kidole gumba, na masika yakija apunguze upepo kidogo zaidi. Severini akatazama lori lililokuwa bado linapakia, akatazama barabara ya kurudi Nachingwea. Ilikuwa asubuhi bado, kumetulia, vumbi limelala. Akafunga kamera vizuri kwenye kifua, akamwambia dereva asimsubiri. Alipita mashamba ya mikorosho akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti, akashuka akaisukuma baiskeli palipokuwa na mchanga mzito sana, kwingine akapita amekaa, na alifika kwake jua likiwa bado juu. Scholastika alikuwa anatwanga. Akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akaona shati bado jeupe kiasi, akaweka mchi chini akamletea maji ya kunywa.