Kufuli la Saa ya Chai

Juzi nilisimama mlangoni pa duka moja la kushona sare hapa Bungoma. Mwenye duka, akienda kunywa chai, alichukua kufuli awafungie mafundi ndani wasije wakamwibia vitambaa. Mama mmoja mwenye kovu la moto shingoni akainuka.

"Boss, usifunge. Bweni letu kule Kitale liliungua tukiwa tumefungiwa."

"Si hiyo ni ya kitambo, bana? Kama unaogopa mlango, enda nyumbani."

Akakunja tepu yake, akatoka. "Hata kazi ya kule Saboti niliacha kwa kufungiwa hivi hivi," akaniambia.

Kesho watasema hatulii kazini, eti moto ulimharibu akili. Mwenye akili timamu basi ni huyu, aliyebana kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kunywa chai, watu wakiwa ndani.