Babu Chenga na kikohozi cha Kairo

Mwanjelwa nzima, hapa Mbeya, wanamwita Babu Chenga, na jina lenyewe alijitakia. Siku ya Simba na Yanga umeme ulikatika, watu wakajazana kwenye kibanda chake cha betri maana redio yake ndiyo ilikuwa hai. Saa moja ilipofika, mpira haujaisha, mzee akahamisha kituo. Krrrr. Chenga tupu. Kasian muuza mitumba akamwambia, "Babu, sisi tunafungwa huku, we unasikiliza mvua?" Penalti ikatupita hivyohivyo. Jina likaganda.

Kila jioni alikuwa anatafuta Redio Kairo. Wana tulicheka sana. Hatukujua kuna mtu anamtafuta humo.

Anaitwa Sinani, mtoto wa Wete, Pemba. Enzi za Mwingereza kaka yake Muhene alitorokea Kairo kusoma, akaishia kusoma habari za Kiswahili redioni: Waarabu amkeni, Waafrika amkeni, mkoloni afungashe. Waingereza ilikuwa inawawasha. Kwao walisikiliza kwa sauti ya chini, wakingoja habari ziishe, Muhene akohoe kidogo. Hiyo ilikuwa salamu kwa mama yao: nipo, nimekula.

Yakaja mapinduzi. Sinani alikuwa kijana wa Hizbu, na Hizbu walikuwa wanaitwa chama cha Waarabu, wakawa wanasakwa. Akakimbia mpaka Mbeya, akaoa, akafunga mdomo. Barua kutoka Kairo ingemuumbua, kwa hiyo hakuandika hata moja. Kusikiliza hakuna atakayekukamata. Akasikiliza miaka sitini.

Mwaka huu mjukuu wake Blessing, ambaye mama yake kaolewa na Mlutheri wa Nyololo, akamkaba nyumbani, mtaa wa Soweto hapahapa mjini.

"Babu, hicho kituo kilishakufa. Nipe jina la mtu wako nimtafute mtandaoni."

"Wataniita Hizbu."

"Nani anaijua Hizbu, Babu? Kasian anadhani ni biskuti."

Mzee akacheka mpaka akatoa miwani. Akalitaja jina.

Blessing akapost kwenye grupu la Wapemba walioko Maskati. Binti wa Muhene akajibu: baba aliacha utangazaji zamani, akahamia huko, amefariki kabla ya Ramadhani. Mpaka mwisho alikuwa anauliza, Sinani hajaandika?

"Mimi nangoja sauti, yeye anangoja barua," Babu akasema. "Wajinga wawili."

Binti akatuma voisi aliyoiacha baba yake. Muhene mzee kabisa, anamwombea dua mjukuu, na mwishoni anakohoa kidogo. Babu akasema rudisha. Akasema tena rudisha. Simu ikaisha chaji mkononi mwake.

Ilipowaka, Blessing akamwekea kidole pa kubonyeza. "Mpe pole binti yake, Babu." Akabonyeza. Akakohoa kidogo, akaachia.

Redio bado iko kibandani, imezimwa. Saa moja ikigonga Kasian huitazama, halafu anajifanya anakunja nguo.

Kama na nyie kuna mzee mlimbandika jina kabla hamjamuuliza anatafuta nini, tuandikieni hapa chini. Ila kamuulizeni kwanza, angali anajibu.