Mbawakawa Weusi wa Mama

Mpaka leo nikinusa vumbi la mahindi yaliyotobolewa, nakumbuka sebule yetu ya Kasulu mwaka 2013. Wenzangu sebuleni kwao kulikuwa na redio na vitambaa vya kufuma. Kwetu kulikuwa na chupa za wadudu. Mama, mtafiti wa mbawakawa aliyehamishiwa huko kutoka Morogoro, alifuga dumuzi, wale wanaokusagia mahindi kabla hujayafikisha mashineni. Ukinyamaza uliwasikia wakitafuna. Wenzangu waliniita mtoto wa dumuzi, nami niliona aibu sana.

Katika chupa nyingine alitunza mbawakawa weusi wadogo, ambao chakula chao ni watoto wa dumuzi. Dawa ya moto ni moto, alisema, ila alihitaji ghala la kuwajaribia. Jirani yetu Mama Evelina, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alikuwa nalo, na mahindi yaliyokuwamo ndiyo chakula cha wanawe hadi mavuno. Alimsikiliza Mama, akapiga makofi ya mshangao. "Yewe, Mama Neema! Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unataka nikivae mwenyewe?"

Mama alikwenda nyumbani. Alirudi na gunia letu la pekee la mahindi, akalimimina ghalani juu ya yale ya jirani. "Tukikosa, tukose wote," alisema. Mama Evelina akaitikia kwa Kiha, "Ego. Walete."

Sidanganyi, wale weusi hawakufanya miujiza. Dumuzi walipungua, hawakuisha. Miezi ya mwisho kabla ya mavuno mama hao wawili walikaa uani wakipepeta pamoja na kutaniana, nasi watoto tukala ugali wa sufuria moja, wenye uchungu kidogo. Sijawahi kushiba vile. Na hakuna aliyethubutu tena kuniita mtoto wa dumuzi mbele ya Evelina, binti wa jirani.

Siku hizi Mama amestaafu, tumerudi Morogoro, na macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Nyumba yangu ina vigae, na jirani wa ng'ambo ya ukuta simjui hata jina. Lakini kila baada ya mavuno basi la abiria hutuletea gunia la mahindi kutoka Kasulu, na ndani yake kichupa chenye mbawakawa weusi wachache, wazima. Mama hukishika kwa mikono miwili, nami humsomea ujumbe wa Mama Evelina kwenye simu: "Mama Neema, wanao hawajambo."