Globu ya akiba iko kwa mwenzangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya lori!

Mnajua mume wangu, Baba Zuhura, dereva wa lori, ana wake wawili: mimi hapa Tinde, na mwenzangu kule Runzewe. Kila kitu anatugawia sawasawa. Kanga sawa, sukari sawa. Hata globu za akiba za taa ya lori, kila nyumba moja.

Yangu nimeitunza ndani ya pamba kama yai.

Sasa jioni hii anataka kuondoka kwenda Runzewe, maana leo ni zamu ya mwenzangu. Taa moja ya mbele haiwaki. Na ile ya upande wa pili ilishavunjwa na ng'ombe pale Samuye.

Nikakimbilia ndani, nikatoka na globu yangu. Najidai hasa!

Akaigeuza, akatazama kitako chake. "Mama Zuhura, hii haiingii. Ina kinundu kimoja cha risasi cha kupitishia umeme. Taa yetu inataka viwili."

"Umelijua hilo lini?"

"Siku niliponunua ile yenye viwili." Akaanza kupangusa kioo ambacho hata vumbi hakina.

Kumbe alijua zamani! Akanunua inayofaa, na akaipeleka wapi? Runzewe! Mimi nimeachiwa pambo.

Kwa wivu, nusura niipasue pale pale.

Halafu nikatazama barabara. Giza linaingia, na lori bila taa haliendi popote.

Nikaingia jikoni, nikasonga ugali wa watu wawili.

Haya, nihukumuni. Globu inayofaa iko kwake.

Dereva yuko kwangu, ananawa mikono.