Tui la Hisabati

Hisabati nilipata F nilipomaliza kidato cha nne, na kwa miaka mingi niliificha kama doa lililo upande wa ndani wa gauni. Kisha chuo nilichokitamani kikaniambia wazi kwamba bila D ya Hisabati nisijisumbue kuomba. Nikachukua fomu ya kurudia mtihani, nikaiweka juu ya kabati, nyumbani kwetu Ngamiani. Nilijiwekea sharti: siijazi mpaka nijue kama kichwa bado kinafanya kazi. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa Jumatatu ya wiki ya nne.

Mwenzangu wa kazini alinionyesha tovuti yenye maswali ya mitihani iliyopita. Mimi ni mdadisi wa kuzaliwa, nikiona mfuko umefungwa lazima nichungulie, kwa hiyo siku ya kwanza nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Ndani ya ukurasa wa Hisabati nikakuta kitufe kimeandikwa Chuja, na chini yake visanduku vitatu: rahisi, wastani, ngumu. Nikafurahi kweli. Nikatia tiki kwenye ngumu, hayo yaondoke, nikaanza na yaliyobaki.

Katika kumi la kwanza nilipata mawili. Swali moja lilitaka umbali kati ya miji miwili kwa kufuata mviringo wa dunia, nikalitazama hadi chai ikapoa. Niliendelea hivyo wiki tatu, kila nikitoka kazini. Siku niliyojitahidi sana nilipata manne. Niliona aibu, tena aibu ya peke yangu, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Kama haya ndiyo mepesi, nilijiambia, basi walionipa F walinihurumia.

Jumamosi niliamua kuachana na jambo lote. Lakini udadisi haukuniacha. Nilitaka, kabla sijafunga, niyaone hayo magumu yana sura gani. Nikatoa tiki kwenye ngumu, nikaitia kwenye rahisi na wastani ili hayo nayo yaondoke. Yakaja maswali mengine kabisa, mepesi kuliko yale yaliyonitoa jasho, na lile la miji miwili halikuwamo. Nikashangaa. Nikageuza tena, nikabakiza tiki kwenye rahisi peke yake. Likaja swali la kukadiria 4.98 hadi namba nzima iliyo karibu.

Ningeweza kusema simu imeharibika. Lakini hili la 4.98 lilinikalia vibaya. Tiki iko kwenye rahisi, na rahisi ndiyo iliyokuja!

Mama alikuwa ameketi kwenye mbuzi, amemaliza kukuna nazi. Akaniona nimekunja uso.

"Wafanyani hapo, mwanangu?"

"Nachuja maswali, mama."

Akacheka mpaka akaweka bakuli chini. "Maswali nayo yana machicha?"

"Yapo. Ninayoyatilia alama ndiyo machicha, yanatupwa."

Akaijaza nazi kwenye kifumbu chake cha ukindu, akakikamua kwa mikono miwili, tui likashuka bakulini. "Una hakika?" akasema. "Hicho kifumbu chako chaweka nini bakulini, na chatupa nini?"

Nikaitazama simu. Nikamtazama mama. Nilichokitilia tiki ndicho kilichoshuka bakulini. Wiki tatu nzima, nikidhani nimeyatupa magumu, nilikuwa nayanywa hayo hayo.

"Mama, nimekula machicha wiki tatu."

"Na yakapita?"

"Mengine. Siku moja manne yalipita."

Nikafanya kumi la rahisi palepale, nimesimama mlangoni. Nikapata tisa. Moja nililikosa kwa sababu ya kucheka. Nikafanya la wastani, nikapata sita, na hayo sita yalinitosha kabisa.

Mama hakuuliza D ni nini wala miji miwili iko wapi. Alisema tu, huku akimimina maji kwa ajili ya tui la pili, "Basi ile karatasi ya juu ya kabati yangoja nini?"

Nikaiteremsha, nikaifuta vumbi. Nilipofika kwenye mstari wa somo nilikuwa nalia, nami nikaandika Hisabati kwa herufi kubwa.