Farasi wa Tumijan

Jambo la kwanza ambalo mgeni angeliona kwa Sumirah, muuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, wa kijiji kilicho chini ya Mlima Merapi, ni kwamba hakubadili hata neno moja katika hadithi yake. Huku akikufungia tempe katika jani la mgomba, alikusimulia habari za marehemu mumewe, Tumijan, mcheza ngoma ya farasi wa mianzi, ambayo wachezaji wake hupandisha pepo. Kwanza shingo yake ilikuwa nzito. Kisha mlio wa upatu ukawa unatoka mbali, kama chini ya maji. Kisha mjeledi ukalia, naye akaenda.

"Na hakuna mganga aliyeweza kumrudisha," alimalizia kwa fahari. "Alirudi alipopenda mwenyewe."

Mwanawe, Wiyadi, alikua akiisikia hadithi hiyo tangu utotoni. Lakini alipoingia uwanjani, hakupandisha. Misimu miwili alirukaruka na farasi wake wa mianzi akiwa na akili timamu, huku wenzake wamepagawa, wakitafuna maua ya waridi na kunywa maji ndooni kama wanyama.

"Le, kijana, umekuja kutuchungia farasi?" vijana walimcheka.

"Mwacheni, anaogopa kuchafua suruali!"

Pak Dirjo, mganga wa kikundi, hakumficha Sumirah. "Yu Sumirah, mwanao asipopandisha mavuno haya, atakaa na wapiga upatu. Sina nafasi ya farasi aliye macho."

Tangu siku hiyo Wiyadi alikula kama ndege. Farasi wa Tumijan alikuwa ameliwa na mchwa zamani. Basi Sumirah alikwenda soko la mbali, akanunua farasi mpya, akamtundika juu ya jiko la kuchemshia soya mpaka moshi ukamfanya mweusi na mzee.

"Huyu ni wa baba yako," alimwambia. "Nilimficha."

Wiyadi alimgusa farasi, vinyweleo vikamsimama. "Mbok, mama yangu, ni wa baridi," alinong'ona.

Siku ya sherehe ya mavuno, alasiri, ubani ulifuka na upatu ukaanza kulia. Sumirah alisimama penye kamba ya uwanja. Akaiona shingo ya mwanawe ikilala taratibu. Akamwona akitega sikio, kama anayesikiliza kitu kilicho mbali sana. Mjeledi ukalia. Wiyadi akaanguka kama gunia.

"Amepandisha! Damu ya Tumijan hiyo!"

Sumirah alilia kwa furaha.

Jua lilipoinama, Pak Dirjo aliwarudisha wachezaji mmoja mmoja. Aliwafunika kitambaa, akawapulizia sikioni, nao wakaamka wakiomba maji. Alimfunika Wiyadi pia, akapuliza. Alipofunua, macho yalikuwa wazi na hayapepesi. Mikono ilikuwa imemkumbatia farasi.

"Nitarudi nikipenda mwenyewe," kinywa cha Wiyadi kilisema, kwa sauti nzito isiyokuwa yake.

Pak Dirjo alirudi nyuma. "Huyu ni Tumijan. Amemfuata farasi wake, hataki kutoka."

"Pak Dirjo, farasi huyu nilimnunua sokoni!"

"Yu, usimtukane marehemu, utamkasirisha!"

Wiyadi hakupepesa macho.

Ndipo Sumirah alipotambua. Maneno yale yalikuwa yake, ya mwisho wa hadithi yake. Alikuwa amemfundisha mwanawe njia ya kwenda, kisha akaifunga ya kurudi kwa majisifu. Tena njia hiyo ya kurudi hakuijua mwenyewe. Enzi zile yeye alikuwa jikoni. Alimwona tu mumewe akiingia mlangoni, mzima.

Alipiga magoti mavumbini, akaweka kinywa penye sikio la mwanawe.

"Le, mwanangu, sikukumalizia hadithi," alisema. "Baba yako alipopenda kurudi, kwanza kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza. Kisha upatu ukasogea karibu. Kisha shingo ikawa nyepesi, akaniita kwa jina."

Akarudia, bila kubadili neno. Akampungia mkono mpiga upatu, naye akaugonga polepole, kisha kwa nguvu kidogo zaidi. Akarudia tena.

Pak Dirjo aliinama. Vijana waliokuwa wakicheka wakavuka kamba, wakainama nao. Hakuna aliyeutazama uso. Wote waliukodolea macho mguu wa kushoto wa Wiyadi, uliotulia mavumbini, wakingoja.