Dinari ya Mama Kwenye Mnada wa Mavuno

Nakusanya sarafu za watawala wa Kirumi. Ndiyo, mimi, karani wa kutoa mizigo hapa Tunduma, na anayecheka acheke. Ninazo sita, zote nimezinunua kwa kujinyima, kwa muuzaji wa ng'ambo anayeaminika. Ya saba niliinunua kwa dereva wa lori kwenye foleni ya mpakani, kwa pupa yangu, bila hata kuipima.

Hiyo ya saba ndiyo niliyompelekea mama yangu kijijini Hasamba alipougua. Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo dinari, ina sura ya Kaisari yule yule wa kwenye Injili." Akalia. Akawa anailalia chini ya mto mpaka alipopona.

Picha ya dinari ile nilikuwa nayo kwenye simu. Siku moja nikaikuza, nikaona mstari mwembamba umezunguka ukingo. Loo! Warumi waligonga fedha zao kwa nyundo. Mstari ule huachwa na kalibu ya kumiminia madini yaliyoyeyushwa. Ilikuwa bandia. Nikasema nitamwambia akipata nguvu. Akapata nguvu, nikanyamaza. Woga tu, sina jina jingine.

Jumapili ya mavuno nikaenda nyumbani. Kanisani kwetu sadaka za vitu hunadiwa nje baada ya ibada: kuku, mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi. Mara nikamwona mzee wa kanisa kainua ile dinari juu. "Mama yetu anashukuru kupona! Ya Kaisari leo kampa Mungu!" Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa. Mama alisimama mbele na kitenge kipya, uso unang'aa.

Ningesema nini, jamani? Uongo ulikuwa wangu, lakini aibu ingekuwa yake. Nikaona bora niinunue mwenyewe, yaishe kimyakimya. Nikataja bei. Jirani yetu, mkulima wa kahawa, akapandisha. Nikapandisha tena, naye akapandisha. Nikamkonyeza aache, akanikonyeza na yeye, anacheka. Nilipanda mpaka mfuko ukakauka. "Mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu!" Ikawa yake.

Akatoa noti alizozikunja kwenye kitambaa. Zilikuwa za kununulia mabati ya nyumba yake. Asubuhi ile ile mkewe alikuwa ameniambia kwa furaha kwamba mvua hizi hazitawakuta chini ya paa la nyasi. Halafu akapita katikati ya watu, akaja mpaka nilipo. Kwetu mtu hununua kitu mnadani akamzawadia ampendaye.

"Nimemnunulia mwanetu huyu," akawatangazia. "Alivyokuwa anaipigania, nikasema leo haondoki bila hiyo!"

Kumbe kila nilipopandisha nilikuwa namkamua yeye. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akanifumbata mkono, dinari ndani, kiganja chake kigumu kwa jembe.

Mama akanisukuma kidogo mgongoni. "Mshukuru basi, mwanangu."

Nikamshukuru.